Mwaka Niliokataa Kumdhamini Mutua

Wambui alinipigia simu kutoka Nyeri Jumanne asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya duka la dawa hapa Barking, akaniambia bila hata salamu kwamba Roy amekufa. Yeye yuko Nyeri, mimi niko vituo vinne vya basi kutoka nyumbani kwa marehemu, na bado habari za London ananipa yeye. Ndivyo alivyo. Tulipokaa nyumba moja, miaka ishirini na kitu iliyopita, alikuwa akijua nani amepata kazi kabla mwenye kazi hajapigiwa simu. "Utaenda mazishi?" akauliza. Nikamwambia nitaenda. "Na pikipiki?" Nikamwambia na pikipiki, kwa sababu Roy alikuwa mkuu wa kundi letu la waendesha pikipiki na hakuna namna nyingine ya kumzika. Akavuta pumzi. "Mutua atakuwa huko, unajua." Najua, nikamjibu. "Basi uvae vizuri," akasema, akakata.

Nina miaka hamsini na mitatu. Magoti yananiuma nikiinama kukagua mnyororo, na wanawake wa kanisani bado wananiuliza nitaacha lini kupanda pikipiki. Huwa nawaambia nitaacha siku watakayochoka kuniuliza. Wengine wananiuliza jambo jingine, kwa sauti ya chini, wakidhani muda umepita wa kutosha: kama najutia nilichomfanyia Mutua. Hilo silijibu mlangoni mwa kanisa. Nitalijibu hapa, na atakayeudhika audhike akiwa amesikia habari yote.

Nyumba yetu ilikuwa ya Wambui, maana yake ni kwamba jina lake ndilo lililokuwa kwenye mkataba wa kupanga na neno lake ndilo lililokuwa la mwisho jikoni. Tulikuwa watatu: yeye, mimi, na Mutua. Wambui alifanya kazi ya kutunza wazee, nami vilevile, na kwenye basi kati ya shifti moja na nyingine alikuwa akifuma vitambaa. Sebuleni kila kitu kilichokaa kimya kwa siku mbili kilivishwa kitambaa: televisheni, redio, mikono ya makochi, hata mita ya gesi. Mimi Mtanzania nilikuwa nikimtania kwamba nikisinzia kochini nitaamka nimefunikwa kimoja kichwani. "Wewe lala uone," alikuwa akinijibu, sindano ikiendelea. Jikoni kulikuwa na meza ya watu wanne, dirisha lililotazama uani, na harufu ya vitunguu isiyotoka hata ufungue nini. Naweza kufika jikoni mle sasa hivi nikiwa nimefumba macho.

Mutua alikuwa amehudumu miaka sita katika jeshi la nchi hii. Alitoka Machakos, Ukambani, akiwa kijana mwembamba, wakampa bendera nyingine na bunduki, wakampeleka jangwani mara mbili. Miaka yote hiyo akipewa likizo alikuja kwa Wambui, ambaye alimwita Auntie ingawa hawakuwa na undugu wowote, na alipoacha jeshi akaja moja kwa moja na mabegi yake. Alikuwa mpole kuliko wanaume wote niliowahi kukaa nao nyumba moja. Alitupigia pasi sare zetu za kazi, na mkunjo wa mkono ulinyooka hadi wazee niliowahudumia wakaniuliza nimeolewa na sajenti. Jumapili alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharage, akatugawia kwa vipimo sawasawa kana kwamba kuna mtu atakuja kukagua sahani.

Yeye ndiye aliyenitia kwenye kundi. Nilikuwa nimenunua pikipiki ndogo kwa sababu basi la alfajiri lilikuwa likinichelewesha kwa wateja wa Dagenham, na nilidhani pikipiki ni chombo cha kazi basi. Mutua akanichukua Jumapili moja hadi mkahawa wa kando ya barabara ya kuelekea Essex, ambako wanaume wazee wenye majaketi ya ngozi walikuwa wakinywa chai iliyokolea na kulalamikia hali ya hewa. Wengi walikuwa askari wastaafu. Kila Jumapili waliondoka pale kwa msafara hadi kwenye nyumba moja ya kulea askari waliojeruhiwa, wakakaa nao alasiri nzima, wakacheza karata, wakasukuma viti vya magurudumu bustanini, wakarudi. Hakukuwa na hotuba. Roy, aliyekuwa na masharubu ya njano kwa sigara, aliitazama pikipiki yangu, akanitazama mimi, akasema, "Utakaa katikati, tusikupoteze." Sikuwahi kupotea. Nilipenda msafara ule kuliko kanisa, na nilisema hivyo kanisani.

Pale mkahawani ndipo niliposikia kwanza habari za bunduki. Mgeni mmoja kutoka Marekani, shemeji wa mwenzetu, alieleza jinsi kwao anavyobeba bastola kiunoni kihalali hata akienda kununua maziwa, na akashangaa kwamba hapa mtu haruhusiwi. Wazee wakacheka. Roy akamweleza kwa subira ya mwalimu: hapa unabeba bunduki kwenda uwanja wa shabaha na kurudi, ndani ya mfuko wake, haina risasi, leseni mfukoni, na hupiti popote pa kunywa. Na leseni hupewi mpaka polisi waje nyumbani kwako wakague kabati la chuma, na watu wawili wenye heshima zao wakudhamini kwamba wanakujua na una akili timamu. "Kubeba si haki," alisema Roy. "Ni watu kukuamini." Wote wakatikisa vichwa. Mutua alikuwa akisikiliza mikono ikiwa imezunguka kikombe. Alikuwa amekwisha kujiunga na klabu moja ya shabaha, akitumia bunduki za klabu chini ya macho ya wasimamizi, na alikuwa hakosi. Walimwambia akipata leseni yake mwenyewe watamwajiri kuwa mwalimu. Tangu alipovua sare hakuna mtu mwingine aliyekuwa amemwambia kwamba anajua kitu.

Sasa niseme la jikoni. Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana, tumerudi kutoka msafarani, mimi bado nina jaketi. Wambui aliangusha kifuniko cha sufuria. Nilikuwa nyuma ya Mutua nikinyoosha mkono kuchukua sahani, na jambo lililofuata ni kwamba mgongo wangu ulikuwa kwenye friji na mkono wake umenikaba kooni. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakuwa yakiniangalia mimi. Sijui ilikuwa muda gani. Akaniachia, akaokota kifuniko, akakiosha, akakifuta, akakirudisha mahali pake. Wambui akasema, "Haya, chakula kinapoa." Tukala. Nilimeza muthokoi kwa shida, na hakuna aliyelitaja jambo hilo, siku hiyo wala kesho yake.

Wiki chache baadaye nilikuwa uani nikianika mashuka. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na Mutua alikuwa akizungumza na Wambui wakichambua maharage. Aliongea taratibu, bila huzuni yoyote, na hilo ndilo lililonitisha. "Auntie, nikiwa range nikilenga shabaha ndio kichwa hunyamaza," alisema. "Nikitoka, inaanza tena. Siku moja nitataka inyamaze kabisa." Nikasikia maharage yakidondoka kwenye bakuli. Wambui akajibu, "Usiongee hivyo. Kunywa chai." Nilisimama na shuka bichi mikononi mpaka likanilowesha viatu.

Mutua akaomba leseni, siku ya polisi kuja kukagua nyumba ikafika, na hapo nisipocheka nitakuwa mnafiki. Kwetu mgeni rasmi haji akakuta nyumba kavu. Wambui aliamka akasukuma chapati ishirini, akachemsha kuku, akamvika Mutua suti. Lile kabati la chuma la bunduki, bado tupu, lililokuwa limefungwa kwa bolti ukutani, lilikuwa sebuleni, mahali pa heshima kando ya televisheni, na bila shaka lilikuwa na kitambaa cheupe juu, na juu ya kitambaa chupa ya chai na picha ya harusi ya dada yake Wambui. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo mwenye faili. Alipoingia alitazama kabati, akatazama chupa ya chai, akakaa. Akaeleza kwa upole kwamba kabati la bunduki halitakiwi kuonekana na kila mgeni aingiaye. Kisha akauliza nani anajua ufunguo unapowekwa.

"Sisi wote!" Wambui akajibu kwa fahari, akatandaza mikono. "Madam, hapa kwetu hakuna siri. Iko kwa mkebe ya majani chai." Alidhani amemsifia kijana wake: nyumba ya watu wanaoaminiana. Mutua akafumba macho. Afisa akaandika kwa muda mrefu, akakataa kuku, akakubali nusu kikombe cha chai, akaagiza kabati lihamishiwe chumbani kwa Mutua, lifungwe kufuli jipya, na ufunguo ajue yeye peke yake. Hakukataa ombi. Alisema Roy amekwisha kurudisha fomu ya udhamini, bado ya mdhamini wa pili. Kisha akanigeukia na tabasamu. Mdhamini wa pili nilikuwa mimi. Nilikuwa nimekubali tangu mwanzo wa mwaka, kabla ya kifuniko.

Fomu ilikaa kitandani kwangu siku tisa. Swali moja liliuliza kama kuna jambo lolote ninalolijua linaloweza kumfanya mtu huyu asifae kukaa na silaha. Nafasi ya kujibu ilikuwa mistari minne. Nilimpelekea Wambui jikoni nikamwambia siwezi. Hakuacha kusukuma chapati. "Hayo ni mambo ya nyumba," akasema. "Mzungu haelezwi mambo ya nyumba." Nikamwambia, "Dada Wambui, alinikaba shingo." Akageuza chapati. "Kwani si alikuachilia?" Nikamkumbusha maneno ya uani, kwamba nami niliyasikia. Hapo akasimama. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wenye unga. "Neema, huyu kijana hana kitu kingine," akasema. "Ukimnyima hii, unamwachia nini?" Nikaichukua fomu yangu nikarudi nayo chumbani.

Kwa Roy nilitegemea msaada. Yeye alijua askari. Nilimvuta kando ya pikipiki zetu nikamweleza yote mawili, la friji na la dirishani. Alisikiliza akitazama chini. "Wote tumeshtuka kwa kishindo," akasema mwishoni. "Ukianza kumnyima kila aliyeshtuka, hutabakiwa na mtu. Sisi tunasimama na vijana wetu, Neema. Ndiyo maana tupo." Hasira ilinipanda mpaka nikasahau umri wake. "Wewe unasimama naye Jumapili," nikamwambia. "Mimi naishi naye Jumatatu mpaka Jumamosi. Mnasema kubeba ni kuaminiwa, halafu mnataka nidanganye ili aaminiwe. Huko si kusimama naye. Huko ni kumwacha peke yake na kabati." Alivaa helmeti yake. Msafara ukaondoka, na kwa mara ya kwanza nikawekwa mwisho.

Nikaamua kwamba fomu haitasema kitu ambacho sijamwambia Mutua mwenyewe usoni. Nilimkuta chumbani asubuhi ya Alhamisi akipiga pasi sare yangu. "Kaka, sitasaini," nikasema. Akasimamisha pasi wima. Akauliza kwa nini. Nikamwambia anajua. "Ni ile ya kifuniko? Si nilisema pole?" Nikamwambia hakusema. Akafikiri. "Sikusema?" Hukusema, nikarudia. "Basi pole," akasema, na alimaanisha, uso wake wote ulimaanisha. Nikamwambia nimepokea, lakini sitasaini, na wakinipigia simu nitawaambia pia nilichosikia kupitia dirisha la jikoni. Nikamwambia helmeti ya pili ipo chini, twende kwa daktari sasa hivi, kazi yangu itasubiri.

Alicheka kicheko kisicho na furaha. "Wakati walikuwa wananipeleka huko, hakuna mtu aliuliza mdhamini," akasema. "Walinipatia bunduki siku ya tatu. Hakuna afisa alikuja kwa Auntie kukunywa chai. Sasa nimemaliza kazi yao ndio mnauliza kama niko sawa?" Maneno yale yalikuwa ya kweli, na yananichoma mpaka leo kwa sababu yalikuwa ya kweli. "Wangeniuliza wakati ule, ningekataa wakati ule," nikamjibu. "Wewe si dada yangu," akasema. Kisha akaichukua pasi, akamalizia mkono uliobaki, akaikunja sare, akanipa. Jumamosi alihama. Kabati liliachwa, na Wambui hakuliwekea tena kitambaa.

Niliijaza mistari minne na afisa akanipigia, nikayasema yote. Leseni ilikataliwa. Kazi ya ualimu wa shabaha ikaenda kwa mwingine. Kanisani nikawa yule Mtanzania aliyempeleka kijana wetu polisi, ingawa hakuna polisi aliyemgusa wala kesi iliyofunguliwa. Watu walipenda neno hilo na wakalishikilia. Mwanamke mmoja alihamisha mkoba wake nilipokaa kando yake. Nami nikazidi kukaa kando yake, Jumapili baada ya Jumapili, mpaka akachoka kuuhamisha. Wambui hakunifukuza. Aliniwekea chakula, akawa haongei nami mezani kwa muda unaokaribia miezi miwili, na kwa Wambui kunyamaza ni adhabu anayojipa mwenyewe.

Vuli ilipofika kundi lilikuwa na safari yake kubwa ya mwaka, pikipiki nyingi kutoka kila upande wa London, za kuwaonyesha wale askari majeruhi kwamba hawajasahaulika. Roy alinitafuta siku mbili kabla, akasema kwa sauti nzuri kwamba pengine mwaka huu nipumzike, vijana wengine wamekasirika. Nikamuuliza barabara ni ya nani. Asubuhi ya safari nilifika mkahawani wa kwanza. Nilivaa jaketi langu, nikaagiza chai, nikaweka helmeti mezani, na meza za kunizunguka zikabaki tupu huku watu wakisimama na sahani mkononi. Nilikunywa chai yote. Walipowasha injini nikawasha yangu. Pikipiki yangu ndogo ilikuwa ikilia kwa juhudi nyuma ya zile kubwa, moshi wao wote ukija kwangu, na nilikuwa nalia ndani ya helmeti ambako hakuna wa kuona. Kule nilisukuma kiti cha magurudumu cha kijana asiye na miguu ambaye hakujua habari zozote, akanihadithia juu ya mbwa wake saa nzima. Mwaka uliofuata nilikwenda tena. Sikuwahi kuacha. Roy hakuniomba radhi, wala mimi sikumwomba, ila mwaka wa nne au wa tano aliketi mezani kwangu bila kualikwa, akasukuma sukari upande wangu, akaanza kulalamikia hali ya hewa.

Watu hutaka niseme sina shaka. Shaka ninayo. Inawezekana Mutua angekuwa mwalimu mzuri, kichwa kikatulia, akafungua klabu yake mwenyewe. Inawezekana Wambui ndiye aliyeona mbali. Hakuna anayeweza kunionyesha maisha ambayo Mutua hakuyaishi, na kwa hiyo siwezi kujipa ushindi. Lakini majuto sina. Nilipewa swali moja la kweli kuhusu mtu niliyempenda, nikalijibu kweli, na wale waliosema wanampenda walitaka nijibu uongo kwa sababu uongo ulikuwa na adabu.

Tulimzika Roy Ijumaa saa tano asubuhi. Pikipiki zilijaa barabara nzima, nami nikakaa katikati. Baadaye kwenye ukumbi, kwenye meza ya mikate na chai, nilisikia mtu akitaja jina langu kwa namna ambayo ni Mkamba tu anayeweza kulitaja. Mutua amenenepa. Ana mvi, na medali zake zilikuwa kifuani. Hatukupeana mikono.

"Bado unaendesha," akasema.

"Bado."

"Miaka yote hii nimekuwa nikipanga kile nitakuambia."

"Niambie."

Akatafuta. "Nilikuwa nalenga kuliko wote pale," akasema. "Kuliko wote. Hiyo ndiyo ilikuwa yangu."

"Ulikuwa unalenga kuliko wote," nikasema.

"Na ulininyima."

"Nilikunyima."

Alisubiri niongeze kitu. Msichana mwenye waya za kunyoosha meno akaja akamvuta mkono wa koti, akamwuliza kwa Kiingereza wataondoka saa ngapi. Akamjibu kwa Kiswahili asubiri dakika mbili. "Huyu ni wa mwisho," akaniambia. "Wako watatu." Akamwekea mkono kichwani, akautuliza pale, na kwa muda tukawa tunamtazama wote wawili, yeye akitutazama kama watu wazima wanaopoteza muda wake. Kisha Mutua akavuta koti lake na uso wake ukarudi kuwa mgumu.

"Sijakusamehe, Neema. Nataka ujue."

"Usinisamehe," nikamwambia. "Mwakani uje uniambie tena."